Mguu Wangu Hausainiwi na Mtu

Alhamisi, 20 Februari

Joha, andika. Andika kwanza kwamba mimi ni Siwema binti Mbegu wa Masanze, kusoma sijui, na anayeandika ni wewe, mke wa mwanangu Mwinshehe. Usiandike "mama mkwe amesema hivi na hivi". Andika kama yanavyotoka mdomoni. Sista Hildegarda, nesi kule Mikumi, ametuagiza wagonjwa wote wa utafiti, kila mtu aweke habari za mguu wake, leo umelalaje, umeuma au haukuuma, na asiyejua kalamu aandikiwe. Mimi mguu hauumi. Ndiyo shida yenyewe hiyo. Ungekuwa unauma nisingefika hapa.

Ulivyoanza ni hivi. Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda harusini Dumila, anaolewa mjukuu wa dada yangu. Nilikuwa na yeboyebo mpya, za zambarau. Kijiwe kikaingia ndani, sijui saa ngapi, na mimi nikacheza ngoma nacho kutwa nzima. Mtu akaniambia mama, kiatu chako kina damu, nikamwambia wacha, ni rangi inachuja. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaua nyayo. Unakanyaga moto, unadhani zulia. Nilipovua viatu usiku ule pana tundu chini ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, na hilo tundu mpaka leo halijafunga.

Basi huo utafiti. Daktari wake anaitwa Melkizedek, kijana mrefu, anaongea polepole kama anahesabu mchele. Kasema kidonda cha nyayo hakiponi kama mtu anakikanyaga. Kuna njia mbili za kukipumzisha. Moja ni kiatu kikubwa, kama cha askari, kina mikanda, unaweza kukivua mwenyewe. Ya pili ni plasta ngumu kama ya aliyevunjika, hiyo huivui, wanaikata wao. Nchi za watu wameshapima, anasema, lakini wale wana sakafu ya vigae na gari linawangoja mlangoni. Kwenye matope yetu hajapima mtu. Wanataka kujua ipi inafunga kidonda, na nani anapona, na nani anaishia kukatwa. Kuchagua huchagui, inachagua bahasha.

Nikamwuliza, yaani mwanangu umesoma miaka yote hiyo kuja kupiga kura? Akacheka. Akasema, "Bibi, tukichagua sisi, tutampa plasta yule tunayempenda." Jibu lilinipendeza. Nikaweka dole gumba.

Bahasha yangu ikatoka kiatu. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa Kimaasai, mtu mzima kama mimi, anaitwa Nkoile, yeye ikatoka plasta. Akatazama kiatu changu akasema, "Wewe wamekupa gari, mimi wamenipa nyumba." Nikamgeuzia mgongo. Mwaka juzi ng'ombe walikula mpunga wangu, kama si wake ni wa ndugu zake, kwangu wote mamoja.

Jumapili, 23 Februari

Mvua. Mguu hauna neno. Joha kaunguza maharage.

Jumatatu, 24 Februari

Joha hakutaka kuandika la maharage. Nimemwambia habari ni za mguu wangu, na mguu unakula maharage.

Alhamisi, 27 Februari

Leo ilikuwa maswali. Sista Hildegarda ana kioo kikubwa kama sinia, anakibonyeza. Miaka mingapi? Nilizaliwa mwaka wa mafuriko. Mafuriko yapi? Hapo tukakwama, maana Kilosa hii mafuriko ni kama ndugu, kila mwaka yanapita kusalimia. Tukakubaliana sabini na kitu. Sukari tangu lini. Presha unayo? Unavuta sigara? Sivuti, nanusa ugoro. Akabonyeza. Unalala na nani nyumbani, shamba liko mbali kiasi gani, viatu gani unavaa. Wanatafuta mambo yanayomtangulia mtu mpaka akakatwa mguu, ili siku nyingine wayaone yakiwa bado njiani. Nikajibu yote. Mwisho akauliza kama kiatu nakivaa. Nikasema nakivaa. Na kweli nakivaa.

Kurudi nyumbani nikamkuta Mwinshehe ananingoja na sura ya kikao. Anataka niende Morogoro kwa dada yake nikakae kwenye kochi mpaka nipone, na lile shamba la bondeni tumkodishe mtu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamkumbusha kwamba lile shamba alilima bibi yangu, akamwachia mama, mama akaniachia mimi. Kwetu shamba linashuka kwa wanawake, mwanamume analima kwa ruhusa. Sasa mpunga uko chini, umeota vizuri, na punje zikianza kuingia maziwa lazima mtu akaamie ndege. Akae juu ya dungu kutwa, avute kamba za makopo, apige kelele, mpaka siku ya mundu. Asiyeamia anavuna makapi. Joha ana genge lake la chakula, Mwinshehe ana bodaboda. Nani ataamia? Kochi?

Kachukua ufunguo wa bodaboda, katoka. Joha kanyamaza. Huyu mkwe wangu ni mtu wa kunyamaza. Miaka tisa yuko hapa, sijui ana nini kifuani. Andika tu, Joha, usinitazame.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo umeingia. Dk. Melkizedek kanikataza kufunga. Anasema sukari itapanda na kushuka kama bembea, kidonda kitakosa nguvu. Watu wa umri wangu wote wamefunga, na mimi asubuhi nakunywa uji kama mtoto. Haya. Funga mmeninyang'anya, swala hamninyang'anyi. Mwaka huu sitaacha hata tarawehe moja.

Ijumaa, 7 Machi

Tarawehe zote. Nimesimama mpaka mwisho, wasichana wadogo wamekaa.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kubwa, mto Miyombo umepiga kelele tangu alfajiri. Mpunga unafurahi. Sijaacha swala hata moja, na za usiku nimeongeza. Miguu yangu misafi kuliko ya bibi harusi.

Alhamisi, 13 Machi

Mikumi. Sista Hildegarda kafungua, kapima na kijiti chake, akapima tena. Kidonda kimekua. Nyama yake nyeupe, imelowa kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Akaniuliza, bibi, kiatu unakivaa? Nakivaa. Unakivaa kweli? Nikamwambia mwanangu mimi si mtoto wa kuiba sukari. Akabonyeza kioo chake kwa nguvu.

Nkoile kidonda chake kimesinyaa, kimebaki kama punje ya mtama. Akanicheka kwa Kiswahili chake cha kuvunja kuni: gari lako bovu, koko. Koko kwao ni bibi. Nikamwambia bibi ni yeye. Tukacheka wote wawili, sijui ilikuwaje.

Ijumaa, 21 Machi

Nimesikia harufu. Nilidhani panya kafia uvunguni. Nimemwita Joha atafute. Joha katafuta uvunguni, kainuka, kaangalia mguu wangu. Katoka kwenda kumpigia simu mumewe.

Jumanne, 25 Machi

Leo tutaandika sana. Joha, kaa vizuri.

Tuko hospitali kubwa, jina lake silitaji, wasije wakaninyima chai. Juzi Jumapili nilishikwa na homa, meno yanagongana. Mwinshehe akanipakia kwenye bodaboda, Joha nyuma yangu kanishika kama gunia, mpaka Mikumi kwa watu wa utafiti. Dk. Melkizedek alipofungua bandeji tu akaita gari. Wakanileta huku.

Wakapiga picha ya mfupa. Mfupa wa kidole kidogo umeoza, unaonekana kama chaki iliyoliwa. Akaja daktari wa kukata, mtu mzima, mwenye haraka, miwani mpaka puani. Akautazama mguu, mimi hakunitazama. Akamwambia Mwinshehe usaha umepanda, akichezacheza atampoteza mama, dawa ni kukata hapa. Akaonyesha kwa kidole chini ya goti langu, kama fundi anayeonyesha pa kupitisha msumeno.

Chini ya goti. Mimi ndiyo nimekaa hapo, kitandani, nasikia.

Nikafumba macho kidogo, homa inanipeleka na kunirudisha. Nilipofumbua, Mwinshehe ameinamia meza ya nesi, anasaini. Nilimzaa mwenyewe, namjua mgongo wake. Nikamwita. Akaja na macho mekundu. Nikamwuliza anasaini nini. Akasema ni karatasi ya ruhusa. Ruhusa ya nani? Ya upasuaji, mama.

Nikamwambia, "Mwinshehe, shamba hukunisainia, mguu ndiyo utanisainia? Mguu wangu hausainiwi na mtu."

Akasema, "Mama, utakufa."

Nikamwambia kufa nitakufa hata nikiwa na miguu minne. Lakini kama kuna karatasi, ije hapa, dole gumba langu halijaoza. Sauti ilipanda. Hata mama mmoja aliyekuwa analia kitanda cha pili akaacha kulia asikilize. Yule nesi akasema bibi anaweweseka kwa homa. Nikamwambia, "Nauliza jambo moja. Kilichooza ni nini? Kidole. Basi kateni kidole." Akasema hilo anajua daktari. Nikasema mwiteni daktari, na mwiteni na yule wa Mikumi, waje wote wawili waseme mbele yangu, na waseme Kiswahili.

Joha alikuwa mlangoni. Mtu wa kunyamaza. Nikamwona anatoa simu, anampigia Dk. Melkizedek. Mumewe akamwambia acha. Hakuacha. Andika hilo, Joha. Andika, hata kama unaona haya.

Jioni wakaja wote wawili. Wakabishana, mwanzo kwa Kizungu, nikakohoa, wakarudi kwenye Kiswahili. Yule wa kukata hakuwa mtu mbaya, nimemwelewa baadaye. Kasema ameshawakata wengi vidole, akarudi kukata mguu, akarudi kukata paja, na wengine aliwazika, ndiyo maana anapenda kukata mara moja. Dk. Melkizedek akasema mishipa ya damu ameipima, damu inafika mpaka kwenye kifundo, nyama ya juu ni nzima, wa namna hii wakiondolewa kidole na kupewa dawa za sindano, wapo wengi wanaobaki na mguu. Wapo na wasiobaki. Kaniambia yote mawili, hakuficha. Nikamwuliza kama ningekuwa mama yake. Akasema swali hilo haliruhusiwi. Kisha akasema, "Ningeanza na kidole."

Yule mwenye miwani akakuna shingo. Kwa mara ya kwanza akanitazama mimi. Akasema sawa, kidole, na siku mbili za kuangalia, na homa isiposhuka atakata bila kubishana. Nikakubali. Nikaweka dole gumba, Mwinshehe anaangalia dirishani.

Sasa sikiliza kilichofuata. Watu walipoondoka, Joha akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza polepole, "Mama, kiatu unakivua wakati gani?"

Nikamwambia wakati wa swala. Wakati mwingine wowote ninacho, hata kulala nalala nacho. Nikichukua udhu navua kiatu, nafungua bandeji, naosha mguu mpaka kifundoni, najifunga tena. Mimi si mchafu wa kusimama mbele ya Mola na mguu wa juzi. Kiatu kinavulika, udhuru sina. Huyo Nkoile angekuwa Mwislamu angesamehewa, maana plasta haivuliwi.

Joha akahesabu kwa vidole vyake, swala tano, sunna, tarawehe, za usiku. Akafunika uso na kanga. Alikuwa anatoka alfajiri kwenda gengeni na mwezi huu anauza futari mpaka usiku, hakuwahi kuniona. Nami nilikuwa namwona mvivu wa kukaa nyumbani.

Akasema anarudi. Akaenda. Baadaye karudi, kumbe kampigia simu Shehe Mbwana wa kwetu, mtu ambaye mimi siongei naye tangu tulipogombana juu ya kisima cha msikiti. Shehe kasema kidonda kinachodhurika na maji hakioshwi. Unaosha viungo vingine, hapo unapangusa juu ya bandeji kwa mkono wenye maji, imetosha, na kukiosha kwa kujidhuru si ibada. Kamwambia Joha, mwambie Siwema Mungu hamdai mguu.

Nililia. Usiandike kwa kirefu.

Ijumaa, 28 Machi

Kidole kimekwenda. Homa imeshuka.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Joha kaleta pilau kwenye hotpoti, nyama kiasi kwa ajili ya presha. Mwinshehe kaja na kanzu yake, kakaa karibu na mlango. Nami sikumwita. Nimepangusa juu ya bandeji, nimeswali kitandani.

Jumamosi, 5 Aprili

Sista Hildegarda kaja kunitembelea. Nilikuwa nimeshamwambia kwa simu habari ya udhu. Alipofika hakukaa. Alisema nimeharibu utafiti, kwamba kiatu kilikuwa kinafanya kazi na mimi nikakifanya kionekane kibaya, na kwamba nitatolewa kwenye hesabu. Na akinitoa kwenye hesabu, nani atanitibu hilo tundu la kidole? Kliniki ya kawaida wana spiriti na pamba tu.

Nikamwambia akae kwanza. Akakaa. Nikamwambia, "Mwanangu, sikukudanganya. Uliniuliza kama nakivaa, hukuniuliza navulia nini. Mimi nimeingia na miguu yangu na dini yangu na matope yangu. Niandikeni hivyo hivyo. Mkiwaandika watiifu tu, dawa yenu itawaponya watiifu, na hao mtawatoa wapi?"

Akafuta uso kwa kitambaa. Ana watoto wawili, mume wake yuko mbali, Malolo, na yeye anapanda basi kila asubuhi. Nilimwona amechoka, nikamwachia embe langu.

Jumanne, 8 Aprili

Dk. Melkizedek kapiga simu mwenyewe. Kasema hakuna wa kunitoa. Kanuni ya utafiti wenyewe ni kwamba aliyepata kiatu kwenye bahasha anahesabiwa na wenzake wa kiatu mpaka mwisho, akikivaa, akikivua, akikitupa mtoni, kwa sababu na huko kukivua ni sehemu ya jibu. Sista alisahau kwa hasira, amesema nimsamehe. Na kwamba sasa Sista kawapigia wenzangu wote wa kiatu, kawauliza vizuri. Wako wanaokivua kwa udhu. Yuko anayekivua kuingia majarubani mwa mpunga asikichafue, maana kizuri. Yuko mama wa kanisani anayekivua Jumapili kwa aibu. Kila mtu alikuwa ameitikia "nakivaa".

Halafu kanipa la mwisho: kwa kuwa kiatu kimenishinda, kidonda kikikauka usaha nitawekwa plasta.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimewekwa plasta Mikumi. Nzito, mguu wa tembo. Kila wiki wataikata na kuweka nyingine. Amri: usiloweshe, usitembee ila chooni na jikoni. Mwinshehe hapohapo akaanza tena habari ya Morogoro, mbele ya daktari, ili daktari amsaidie.

Nikamwuliza Dk. Melkizedek, amri ni nisitembee au ni nisiwe Masanze? Akasema nisitembee. Kukaa naruhusiwa? Kukaa ndiyo dawa. Nikamwambia basi naijua kazi ya kukaa kutwa, imo bondeni kwetu, na mshahara wake ni mpunga.

Mwinshehe akasema nitafikaje bondeni, bodaboda haipiti masika haya, matope mpaka magotini. Hapo ndipo Nkoile, aliyekuwa anangoja zamu yake, akaingilia. Akasema punda anapita. Wao wanahamia upande wa pili wa bonde letu mwezi huu, mwanawe Seuri anakwenda na punda kuchota maji kila asubuhi.

Mimi, Siwema, kwenye punda wa mfugaji, kupita katikati ya mashamba ya watu walioliwa mpunga. Nilimtazama Nkoile. Akanitazama. Akasema, "Ng'ombe nitamfunga. Punda hali mpunga, ana adabu."

Nikasema aje.

Jumatatu, 28 Aprili

Majirani wamesimama mabarabarani kunitazama. Mmoja kaniuliza, Siwema, umeolewa Umaasaini? Nikamwambia ndiyo, na mahari ni huyu punda. Seuri kijana mwenye heshima, shikamoo yake inatoka kabla hujamwona.

Nilipofika bondeni nikakuta dungu limejengwa upya. Fupi, limeshuka mpaka kiunoni, lina ubao wa mteremko wa kupandia, na mahali pa kunyooshea mguu pametandikwa majani makavu. Juu turubai la kuzuia mvua. Nikauliza nani kajenga. Joha kasema Mwinshehe, siku mbili, hakulala nyumbani, kamkataza asiseme.

Nilikuwa nimempangia maneno mengi huyu mtoto. Nimeyaacha palepale kwenye matope.

Jumatatu, 5 Mei

Ndege.

Jumapili, 11 Mei

Ndege kama moshi. Navuta kamba, makopo yanapiga, wanainuka, wanatua kwa jirani, jirani anawapiga, wanarudi. Sauti imekauka. Mguu mkavu, Joha kaufunga mfuko wa nailoni juu ya plasta.

Alhamisi, 22 Mei

Plasta imekatwa, nyingine imewekwa. Pale kilipokuwa kidole pamejikunja, na chini kimebaki kidonda kama ukucha wa mtoto. Sista Hildegarda kapima mara mbili, kisha kanishika bega. Nkoile yeye kashapona, alikuja kwa ajili ya kuniona tu, na maziwa kwenye kibuyu. Daktari kamkataza kunipa yenye sukari. Nkoile kamwuliza ng'ombe gani anatoa maziwa yenye sukari.

Jumanne, 3 Juni

Ng'ombe wa watu wengine wameingia shamba la juu, kulikuwa na fimbo na kelele. Wa Nkoile hawakuwemo. Mtu alisema wote ni wamoja. Nilikuwa juu ya dungu langu, nikamwambia hapana. Nikamwambia nami nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Alhamisi, 19 Juni

Wamekata plasta hawakurudisha nyingine.

Kimefunga. Ngozi yake nyembamba kama ya kitunguu, lakini ni ngozi. Dk. Melkizedek alikigusa kwa kidole, Sista akapiga picha. Nikataka kushangilia, akaniwekea mkono. Kasema tusidanganyane. Waliofunga vidonda kama changu, karibu nusu yao vinafunguka tena kabla ya mwaka kuisha, na safari ya pili huwa mbaya. Kinachowaangusha ni kutembea peku, hata hatua mbili, hata ndani. Wakanipa viatu, vyeusi, vipana, vya kamba, ndani laini. Amri ni moja: nyayo hizi zisiguse tena ardhi, wala sakafu, wala mkeka. Majibu ya kiatu na plasta kwa watu wote yatatoka mwakani, yeye mwenyewe bado hayajui.

Nikamwambia nusu nyingine inafanya nini, hao wasiofunguka? Akasema ni wabishi, bibi, wanavaa viatu kila mahali bila kujali nani anasema nini. Nikamwambia basi umeshanijua niko nusu ipi.

Jumamosi, 28 Juni

Tumevuna. Mpunga umejaa, ndege wamepata haki yao kidogo tu. Leo kulikuwa na sadaka ya mchele mpya kwa Shehe Mbwana, wanaume nje, wanawake ndani. Nimekwenda kwa sababu ya neno lake la mwezi wa mfungo, mengine ya kisima tutayaongea siku nyingine.

Mlangoni viatu vimejaa, kandambili, yeboyebo, za kila rangi. Joha akavua vyake. Mimi sikuvua. Nilifuta soli kwa kitambaa safi nilichokuja nacho, nikaingia. Mikeka mipya, ya ukindu, imetandikwa ukuta kwa ukuta. Nikapita katikati na viatu vyangu vya kamba.

Shingo zikageuka. Kisha maneno. Uzee huo. Hospitali imemharibu. Huko kwa Wamaasai hawana mikeka. Bi Nuru, mke wa shehe, mwenye nyumba, akasimama akaniambia mbele ya wote, Siwema, hapa si jukwaani, viatu vinavuliwa mlangoni tangu kwa mabibi zetu.

Nikamwambia, "Bi Nuru, nakuheshimu, na mabibi zetu nawaheshimu. Mkeka unafuliwa. Mguu ukishakatwa haufuliwi ukarudi."

Nikakaa mahali pangu. Joha alikuwa ameshakaa. Akainuka, akatoka mbele ya watu wote, akavaa viatu vyake, akarudi navyo akakaa ubavuni kwangu. Sikumtuma.

Tukala. Watu walirudia maongezi yao, lakini kwa pembeni. Sahani zilipotolewa, Bi Nuru akaja akachuchumaa karibu yangu kama anayeokota makombo. Akavuta kanga yake kidogo, juu ya kisigino. Palikuwa na kitambaa kimefungwa, kimelowa. Akaninong'oneza kwamba kidonda hakimuumi hata kidogo, kwa hiyo si kitu, si ndiyo?

Sikumwambia la kumtisha. Nilimwambia Alhamisi nakwenda Mikumi, na punda atapita kwake kwanza. Na nikamwambia viatu vyake viko pale mlangoni, akavivae, aje akae na sisi.

Akatazama wanawake wote waliojaa mle ndani, na mikeka yake mipya. Kisha akaenda kuvivaa.